Maneno ya Fundi Bila Kupunguzwa

Fundi hakuzaliwa kiziwi. Homa ya utotoni ndiyo iliyomwondolea usikivu, na lugha ya alama alijifunza nusu shuleni, nusu nyumbani na dada yake mdogo, ambaye aliijua kabla ya kujua kusoma. Walipokua walifungua duka la kushona nguo za kiume. Kaka alikata na kushona. Dada alipima na kuongea na wateja.

Kazi ya kuongea ilikuwa na siri yake. Fundi alikuwa na ulimi mkali, ingawa ulimi wenyewe ulikuwa mikononi. Mteja mwenye kitambi akidai suruali ya kiuno alichokuwa nacho siku ya harusi yake, fundi alimtazama juu hadi chini na kusema kwa mikono kwamba suruali hiyo itamtosha goti moja. Dada alitabasamu na kumwambia mteja kwamba fundi anashauri waongeze kidogo. Miaka yote hiyo fundi aliamini kwamba watu hupenda kuambiwa ukweli, kwa kuwa yeye aliwaambia na bado walirudi.

Siku ya tukio, askari walikuwa wakiwaondolea wenye maduka bidhaa walizotandaza nje. Fundi alikuwa ameketi barazani kwenye cherehani yake, akiwa ameipa barabara mgongo, anatia pindo. Dada alikuwa amekwenda kununua vifungo. Koplo mmoja alimwamuru fundi ahamishe cherehani, akarudia, kisha akapaza sauti. Fundi hakugeuka. Koplo aliona amedharauliwa, akampiga kirungu kwenye mkono wa kulia uliokuwa umelala juu ya kitambaa. Fundi alipouinua mkono huo kujieleza, alipigwa tena, palepale. Baadaye koplo aliandika kwamba mkono ule uliinuliwa kwa nia ya kupigana. Majirani walikuwa wameinama wakikusanya vitu vyao. Hakuna aliyeona vizuri, au aliyekubali kwamba aliona.

Dada alimkuta kaka yake kituoni. Askari wa mapokezi, ambaye hakuwa na mkalimani wala hakumtafuta, alimwomba dada aeleze fundi anasema nini. Fundi akasimulia yote kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kuruka kitu. Koplo mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akivuta mkanda wake juu. Dada akafanya alichozoea kufanya. Alisema kulitokea kusukumana kidogo, kaka yake akaanguka na kuumia mkono. Askari akaandika. Fundi akaweka dole gumba la kushoto chini ya maelezo hayo bila kuyasoma, kwa sababu karatasi nazo zilikuwa kazi ya dada, wakaruhusiwa kwenda.

Hospitali iligundua kwamba mifupa ya vidole viwili ilikuwa imevunjika. Vidole hivyo vilipona vikiwa vimenyooka, na havikukunjika tena. Fundi hakuweza kushika sindano wala mkasi. Hata usemi wake uliharibika: maneno yanayohitaji vidole kukunjwa yalitoka nusunusu, na mtu asiyemzoea ilibidi amwombe arudie. Mkewe alisema mumewe sasa anaongea kama mtu aliyejaza mkate mdomoni, ila matusi bado yanaeleweka vizuri sana. Alisema hivyo huku akimfunga vifungo vya shati, kazi aliyoifanya kila asubuhi tangu hapo, na fundi alimwacha amfunge mpaka cha shingoni, ingawa kola ilimbana.

Mke huyo ndiye aliyepeleka malalamiko kwenye bodi inayochunguza makosa ya polisi. Bodi ingeweza kumsimamisha koplo kazi na kupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Au ingeweza kulifunga, na koplo akarudi mtaani na kirungu chake. Shahidi alikuwa mmoja tu, fundi mwenyewe. Dada alijua hivyo, na hakumwambia mtu kuhusu maelezo ya kituoni. Alijipa moyo kwamba karatasi kama ile hulala mahali na kusahaulika.

Siku ya kusikilizwa, bodi ilileta mkalimani wake, mama mmoja mwenye miwani aliyekula kiapo mbele ya wote. Ndugu hawakuruhusiwa kutafsiri. Dada aliketi nyuma pamoja na wifi yake, mikono mapajani, hana kazi. Kwa mara ya kwanza alisikia maneno ya kaka yake yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine bila kuondolewa kitu. Yalikuwa mafupi na makavu kuliko alivyotarajia. Fundi alisema hakumkaidi mtu. Alikuwa amempa mtu mgongo, na mgongo hauna macho. Mwenyekiti, jaji mstaafu, aliinua macho hapo na kuandika kitu.

Kisha wakili wa koplo akasimama na kusoma maelezo ya kituoni. Mkalimani aliyageuza kuwa alama. Fundi akamwomba arudie, akayatazama mara ya pili.

"Hayo si maneno yangu," alisema.

Wakili alionyesha alama ya dole gumba. Akasema kwa upole kwamba fundi alidanganya siku ile au anadanganya leo, na bodi haina namna ya kujua ni lini. Fundi hakumtazama wakili. Aligeuka kwenye kiti akamtazama dada yake.

"Wifi, kuna nini?" mke wa fundi alinong'ona.

Dada akasimama. Mwenyekiti alimwonya kwamba kuwapa polisi maelezo ya uongo ni kosa, na kwamba halazimiki kusema lolote linaloweza kumtia hatiani. Dada alisema ameelewa.

"Mheshimiwa, yeye alisema alipigwa akiwa ameketi, akapigwa tena alipoinua mkono. Habari ya kusukumana niliisema mimi."

Mwenyekiti akauliza kwa nini.

"Aliyempiga alikuwa amesimama mlangoni, niliogopa. Halafu nimezoea. Anayoyasema kaka nayapunguza kila siku, watu wasimchukie."

Mwenyekiti alitaka mfano. Dada akautoa ule wa suruali na goti, na mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akakohoa. Mkalimani hakuacha hata neno moja. Yote yalimfikia fundi, goti, kicheko na kikohozi. Uso wake haukubadilika. Dada aliketi, na wifi yake akasogeza kiti mbali naye kidogo.

Mwenyekiti alimgeukia koplo na kumuuliza alitambua lini kwamba mtu huyu hasikii. Koplo alijibu haraka, kama mtu anayejisafisha.

"Sikujua, mheshimiwa, mpaka pale alipoinua mkono kunionyesha sikio."

"Alikuonyesha sikio," mwenyekiti alirudia, akiandika. "Kisha ukafanya nini?"

Wakili alisimama. Koplo aliangalia chini, akavuta mkanda wake. Swali lile liliandikwa pamoja na kimya chake.

Baada ya mapumziko, uamuzi ulisomwa. Maelezo ya kituoni yaliwekwa kando kwa kuwa yalichukuliwa bila mkalimani aliyeapishwa, na askari aliyeyachukua angejibu kwa hilo. Koplo alisimamishwa kazi na jalada lake likapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Dada alipewa onyo kali.

Mke wa fundi alikwenda kuchukua nakala ya uamuzi. Alipompita dada alisema, bila kumtazama, kwamba wataongea nyumbani, halafu akamwachia mkoba wake amshikie. Fundi na dada waliketi kwenye benchi la ukumbini. Dada aliomba radhi kwa mikono, na fundi akaipokea kwa kutikisa kichwa, lakini ilikuwa wazi kwamba anafikiria jambo jingine. Baba yao hakuwahi kujifunza lugha ya alama. Kila alichomwambia fundi maishani kilipitia kwa dada.

Fundi aliinua mkono wake mbovu. Aliuliza kuhusu siku za mwisho za baba, pale kitandani, baba alipomwambia kwamba yeye ni fundi hodari na kwamba anajivunia kuwa na mtoto kama yeye. Baba aliyasema kweli yale, au yalikuwa ya dada?

Lilikuwa jambo ambalo dada angeweza kulijibu kwa ishara moja, na hakuna ambaye angejua.

"Hakusema," alijibu. "Alisema koti ulilomshonea litundikwe ukutani, mahali atakapoliona akiamka. Tulikuwa tumelifungia kabatini. Hilo tu. Mengine niliongeza mimi."

Fundi aliziangalia alama hizo mpaka mikono ya dada ilipotulia. Alifuta macho kwa kiganja cha kushoto. Vidole vyake viwili vilishindwa kukunja neno alilolitaka, akajaribu tena, dada akisubiri bila kummalizia.

"Hilo la koti," alisema, "lingetosha."