Bonyeza Baadaye

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa zahanati yetu, na sipendi kusumbuliwa kwa maswali. Bora niseme mapema.

Asubuhi ile mafaili yote ya wagonjwa yaligoma kufunguka. Chanzo nilikipata haraka: kompyuta ya mapokezi, ya Mama Mafaili, mwenye miaka kumi na tisa kazini. Jana yake, wakati wa mapumziko, alitafuta mtandaoni mishono ya gauni la mjukuu wake. Kwa kawaida kivinjari hufungia kila ukurasa ndani ya boksi lake. Hata ukurasa wenye hila hufurukuta humo humo. Huu wa mishono ulipata upenyo, ukatoka kwenye boksi na kuvamia mashine nzima.

Mganga mkuu alituita ofisini, kompyuta yenyewe ikiwa mezani.

"Zahanati imesimama kwa sababu ya gauni!" alifoka. "Mama, kazi basi. Niletee barua yako ya kuacha kazi leo."

"Nisamehe, daktari. Ni mimi niliyefungua."

Mkoba wake ulikuwa magotini, ameukumbatia kwa mikono miwili.

Nikatazama kompyuta. Pembeni mwa kioo palikuwa na alama mbili za selotepu, hazina hata vumbi. Pale ndipo ilipokuwa imebandikwa karatasi ya Mama, aliyoiandika kwa mkono wake: "Fundi kasema nibonyeze Baadaye."

Upenyo ule ulikuwa umeshazibwa na watengenezaji wa kivinjari wiki tatu nyuma. Kila asubuhi kompyuta ilimwomba Mama akubali sasisho la kuuziba, kila asubuhi akaniita, mpaka siku moja nikamjia juu: "Mama, bonyeza Baadaye, niache nipumue!" Kila tukisasisha, ile printa kongwe hugoma, na wa kuhangaika nayo ni mimi. Uvivu mtupu, wala sina neno jingine.

Karatasi ile ilikuwepo jana. Ameibandua leo, kabla hatujaitwa.

"Mama," nilisema, "mwonyeshe daktari kilichomo mkobani."

"Mkobani mna miwani yangu tu." Kisha akaniinamia, akanong'ona, "Nyamaza, mwanangu. Wewe bado una watoto wadogo."

Machozi yalinilenga, niseme ukweli. Nikasimama, nikamsomea daktari ile karatasi kwa kichwa, neno kwa neno, na kelele nilizompigia mama siku ile pia.