Kifaranga wa Mama

Katika ile gemu ya simu ya kulea vifaranga, mtunzi wake alifanya mazuri mengi, tusimnyime haki yake. Ukipitisha kidole polepole kwenye kioo cha simu, kifaranga anakufuata, anasita kidogo, kisha anakuja. Ukiwa na papara anakimbia. Hakuna maelezo wala mshale. Hata mtu asiyewahi kucheza gemu anaelewa papo hapo. Mama yake mtunzi ndiye aliyeijaribu wa kwanza, akacheka mpaka machozi.

Lakini akatia na lingine, lililomshinda shetani. Ukikosa kumlisha siku moja tu, kifaranga anakufa. Hasinzii, hanuni, anakufa! Na anabaki pale miguu juu mpaka umzike kwa mkono wako. Mchoraji wa gemu, dada mmoja wa meza ya jirani ofisini, alimsihi sana.

"Jamani, si alale tu? Mtu akirudi amwamshe."

"Akilala, nani atakuwa na haraka ya kurudi?" mtunzi akamjibu, na juu ya hayo akamcheka.

Kweli watu walirudi, kila siku ya Mungu. Bosi akamsifu mbele ya ofisi nzima, kichwa kikamvimba.

Jumatatu moja asubuhi, kwenye kikao, bosi akawasha ukutani orodha ya wachezaji. "Mwoneni huyu wa kwanza! Siku mia mbili na kumi na mbili, hajakosa hata moja. Hiyo ndiyo kazi, siyo porojo!" Watu wakapiga makofi. Kifaranga wa mchezaji huyo aliitwa Kichwangumu.

Mtunzi akashtuka. Duniani kuna mtu mmoja tu anayelipenda jina hilo, naye ni mama yake, aliyemwita mwanawe hivyo tangu anatambaa. Na siku tisa zilizopita mama alipasuliwa jicho. Daktari alisema bila kumung'unya maneno: wiki mbili asiiname, asitazame simu, la sivyo jicho laweza kupotea. Mtunzi akatazama tarehe za kulisha kwenye orodha ukutani. Siku ya upasuaji: amelisha. Kesho yake: amelisha. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kikao kilipokwisha akakimbilia mezani kwake, akamtafuta mama kwenye mfumo, akabadilisha: kifaranga wa mchezaji huyu asife. Dakika mbili tu, kazi ikaisha. Mchoraji alimwona, akaendelea na kazi yake.

Mtunzi akaenda nyumbani, akamkuta mama kitini, jicho moja limefungwa bandeji.

"Mama, simu iko wapi?"

"Simu gani?"

"Hiyo uliyoikalia."

Mama akacheka kwa aibu. "Usinigombeze, baba. Ni dakika moja tu, dada yako akiwa bafuni. Nifanyeje? Yule wa kwanza alinifia, nikamzika, nikalia kutwa nzima. Huyu siwezi." Akashusha sauti. "Ile ya kidole ni yako, najua, ina mkono wako. Lakini hii ya kufa nani kaitia? Huyo mwenzenu hana mama?"

Mtunzi angeweza kumsingizia bosi, na neno lilishafika ulimini.

"Ni mimi, mama."

Mama alimgeuzia lile jicho zima, na mtunzi akashindwa kulitazama.

"Na hilo lingine linaonaje?" akauliza.

"Ukungu tu, wakinifungua kutia dawa. Juzi lilikuwa afadhali."

Nafsi ilimsuta, akaketi sakafuni kama mtoto. "Nisamehe, mama. Nimekukosea vibaya. Lakini nimeshatengeneza, Kichwangumu hafi tena, hata ukikaa mwezi mzima."

"Wangu?"

"Wako, mama."

"Wangu peke yake?"

"Ndiyo, wako tu."

"Tulipokuwa hospitalini tunangoja kupasuliwa," mama akasema, "nilikaa na wenzangu watatu. Nikawaonyesha gemu ya mwanangu, najivuna weee, mpaka wakaiweka kwenye simu zao. Kila mmoja akapewa kifaranga. Nao macho yao yamefungwa kama langu."

Mtunzi akajishika kichwa, bado yuko sakafuni.

"Sasa umekaa hapo chini unafanya nini?" mama akamwambia. "Rudi kazini."