Mlingoti Uliokatwa Korongoni

Tangu theluji ianze kuyeyuka, Bastian Dal Vesco hakukalika. Mezani aliacha ugali na jibini vikapoa. Kitandani aliusikiliza mto Piave ukinguruma chini ya kijiji. Vita na Waturuki vilikuwa vimepamba moto, na Venisi ilitaka milingoti upesi. Msonobari mmoja, mrefu kuliko mnara wa kanisa, ulikuwa umepigwa muhuri wa dola na kuangushwa. Bastian, nahodha wa vyelezo, yale magogo yanayofungwa pamoja na kuelea mtoni, ndiye angeuteremsha hadi kwenye karakana ya merikebu za vita huko Venisi.

"Nenda basi, umenichosha na kurandaranda," mkewe Lucia alimwambia. "Ila ndugu yangu nirudishie mzima."

Ndugu huyo alikuwa Toni, mshika kasia la nyuma, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shemeji, unaogopa maji au unamwogopa dada?"

"Dada yako. Maji hayana ulimi."

Walipoingia korongoni, pale mto unapobanwa na majabali, kichwa cha ule mti kilikwama mwambani. Chelezo kikapinduka ubavu. Toni akateleza, mguu wake ukanaswa kati ya mti na jabali, na maji yakaanza kumpanda. Wenzake walisukuma mpaka viganja vikachubuka. Mti haukutikisika.

Bastian akashika shoka.

"Usiukate!" Toni akapiga kelele. "Mali ya dola hiyo! Watakufunga minyororo ukapige makasia merikebuni!"

"Nyamaza, shemeji. Tunza pumzi."

Akakata. Maji yalipomfika Toni kidevuni, yule msemaji alinyamaza kweli, na kimya hicho kikamtia Bastian wazimu. Akakata kama anayepigana na mtu. Mti ukaalika, ukakatika, wakamvuta Toni akiwa amepondeka mguu, lakini roho imo.

"Tuseme mwamba ndio umeuvunja," mmoja alinong'ona.

"Na alama za shoka?" Bastian akajibu. "Tuseme samaki wana meno?"

Huko Venisi, Bastian aliwekwa mlangoni kwa msimamizi wa karakana. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Tulia, bwana, unanitia kizunguzungu," mlinzi akamwambia.

Macho ya Bastian yalikuwa darajani. Angeweza kutoroka akarudi milimani. Lakini wangemkamata Toni badala yake, aliyelala mguu umefungwa vijiti. Akabaki.

"Nani amekata?" msimamizi aliuliza.

"Mimi, bwana. Mtu alikuwa anakufa."

"Na mimi nina merikebu haina mlingoti, na ng'ambo kuna ngome imezingirwa inaisubiri. Huko wanakufa wangapi?"



Hawakumfunga, kwa kuwa wakati wa vita wajuzi wa mto ni adimu. Aliamriwa kuteremsha mti mwingine bila ujira, kisha asiguse tena kasia la Piave maisha yake yote. Kiangazi hakijaisha, mti huo wa pili ulikuwa umefika.

Toni alipona, akabaki akichechemea na kutania watu. Lucia alimshukuru mumewe mbele ya kanisa zima. Lakini Bastian hakupata raha. Kila mchuuzi aliyepanda kutoka pwani, Bastian alimdaka njiani kabla hajatua mzigo.

"Merikebu iliyochelewa kwa kukosa mlingoti, uliwahi kusikia kama ilifika?"

Wachuuzi walitazamana. Merikebu zilikuwa nyingi.

"Ipi hiyo, mzee?"

Jina la merikebu hiyo Bastian hakulijua. Alishukuru, akashuka barabarani kumngoja mwingine.