Zaburi Isiyo na Shukrani

Mtaa mzima ulimwita Cheche. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na kazi yake ilijisifu yenyewe: geti likitoka mikononi mwake, ungeupapasa mshono kwa kidole usijue vyuma vilipokutania. Basi macho yalipoanza kumsumbua, alilaumu mwanga wa kazi, akasema yatatulia. Hayakutulia. Giza liliingia kwa pembeni, likawa linasogea katikati taratibu, mpaka akawa anajigonga kwenye miimo ya milango aliyoitengeneza mwenyewe. Alipokubali kwenda hospitali, daktari hakumzungusha. Ni presha ya macho, alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Atapewa matone ya kulinda kilichobaki.

Kanisani walimjia kwa wingi. Walimwekea mikono kichwani, wakaomba hadi sauti zikakauka, na Cheche akaamini kwa moyo wake wote. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta kando akamwambia achague, dawa au Mungu, kwani njia mbili zilimshinda fisi. Mkewe alimsihi asimsikilize. Cheche akayatupa matone.

Giza likaongeza mwendo. Yule mzee aliporudi, alikohoa kidogo, akauliza kama hakuna dhambi iliyofichwa mahali. Cheche alikesha akijichambua. Alifukua uongo wa utotoni, hasira, wivu, akatubu kila kimoja mpaka akaishiwa. Kulipokucha alimwambia mkewe aiondoe Biblia chumbani. Mkewe aliichukua, akaiweka juu ya kabati la vyombo, kisha akaenda uani kufua nguo za watu kama kila siku.

Siku hiyo Cheche alijikokota hadi karakana yake jirani na nyumba, akawasha mashine, akajaribu kuchomelea geti kwa kukisia. Mkewe alisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla hajasikia kelele. Alimkuta amekamata chuma cha moto kwa mkono mtupu, hataki kukiachia. Akazima umeme, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Ungeniacha," Cheche alisema.

Mkewe akajua haongelei geti. Akamfunga kile kiganja kwa kipande cha shuka, na tangu hapo akawa anafulia mlangoni, asimwache peke yake.

Ndugu wa mkewe alikuwa kinyozi, na ndiye aliyefundisha darasa la Biblia Jumapili. Naye alikuwa ameomba kwa imani siku ile ya mikono mingi, na sasa aliona aibu hata kubisha hodi. Lakini ndevu za shemeji yake zilikuwa zimegeuka kichaka, akapata kisingizio. Alimkalisha uani, akampaka povu.

"Angalia sikio, shemeji," Cheche alisema. "Ndilo nililobakiwa nalo."

Kinyozi akalikunja sikio kwa kidole, akapitisha wembe pembeni yake. Alipomaliza kunyoa alikiri kwamba hana la kumfariji. Kila alilokuwa nalo alikwisha kulisema na halikufaa kitu. Akaomba amsomee tu. Cheche akainua mabega. Kinyozi akaishusha Biblia kutoka kabatini, akafungua zaburi ambayo darasani huwa wanairuka. Ni ya mtu anayemlilia Mungu mchana na usiku asijibiwe. Anamwuliza kwa nini amemficha uso. Anamwambia wazi kwamba ndiye aliyemtupa shimoni na kuwafukuza rafiki zake. Inaishia gizani. Kinyozi akaondoa kidole kwenye ukurasa.

"Endelea," Cheche alisema.

"Imeisha."

"Hakuna shukrani mwishoni?"

"Hakuna, shemeji. Nimetafuta."

Cheche alijifuta povu lililobaki shingoni. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyemsemesha Mungu namna ile, na hawakumtoa kitabuni. Aliomba asomewe tena. Mara ya pili machozi yalimtoka, yeye ambaye hakuwa amelia hata mkono ulipoungua. Kisha akaomba, maombi ambayo kinyozi hakuwahi kuyasikia katika kanisa lolote. Alimwambia Mungu kwamba amemwonea. Alimwambia kwamba amechoka kumbembeleza, ila hana pengine pa kupeleka hasira hizi. Hakusema amina.

Alirudia dawa, kwa kuchelewa. Alijifunza kuosha vyombo kwa kupapasa, na kusuuza nguo pamoja na mkewe, akilalamika kwa Mungu kwa sauti huku akikamua mashuka. Majirani walidhani kichwa nacho kimekwenda. Jumapili aliketi darasani, na yule mzee alipomwuliza kama sasa anaona nafuu, alimjibu kwa upole kwamba haioni, ila amekuja.

Asubuhi moja aliamka akamwomba mkewe afungue dirisha.

"Liko wazi," mkewe alisema.

Cheche akageuza uso kuelekea dirishani, akakuta giza tupu. Siku zote mkewe ndiye aliyekuwa nguzo, aliyesema Mungu ni mwema hata pasipo na uji. Sasa aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akainamisha kichwa, sauti ikamtoka nyembamba: "Baba, umetuumiza. Mimi pia umeniumiza."

Cheche alimtafuta kwa kiganja chenye kovu, akampata begani. Kwa mara ya kwanza tangu Biblia iondolewe chumbani, alisema amina, na wakabaki hapo, hata maji ya kufulia aliyoyachemsha mkewe alfajiri yakapoa.