Kipeo Sifuri

Haraka haraka ina baraka zake, na anayebisha hajawahi kukaa dakika arobaini akimtazama mtu mzima akirahisisha kitu ambacho tayari ni chepesi.

Kidomo, binti wa msusi, alikuwa amekaa hizo dakika arobaini. Mwalimu wa hisabati, ambaye darasa lilimwita Onyesha-Njia kwa kuwa jibu lisilo na hatua kwake lilikuwa wizi, alinakili swali kutoka daftari lake kuukuu: (6x⁵y³ × 4x²y⁴ ÷ 8x³y)⁰. Akazidisha namba, akajumlisha vipeo, akatoa vipeo, akapiga chafya ya chaki. Alipolipigia jibu lake, 3x⁴y⁶, mistari miwili kama fundi aliyemaliza ghorofa, Kidomo akasema kutoka nyuma, "Moja, mwalimu."

"Moja nini?"

"Jibu. Hayo mengine umetwanga maji kwenye kinu."

Darasa likaangua kicheko. Kidomo akatolewa nje, na fomu yake ya mtihani wa mwisho, iliyobakiza sahihi ya Onyesha-Njia tu, ikatiwa mfukoni mwa mwalimu. Fomu zilikuwa zinafungwa saa kumi jioni hiyo. Ukikosa, unarudia mwaka.

Saa tisa na nusu mama yake aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, alikowakuta Kidomo na Onyesha-Njia, chanuo limechomekwa kichwani.

"Omba radhi tuondoke," alimnong'oneza binti yake. "Nimeacha kichwa cha mtu kama shamba lililovamiwa na ngedere."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Lolote. Chagua."

Mwalimu mkuu, mwanamke mmoja mchache wa maneno aliyefundisha historia maisha yake yote, alimsogezea Onyesha-Njia karatasi. "Hebu lifanye hapa tulione."

Akalifanya kwa mbwembwe, hatua kwa hatua, mpaka 3x⁴y⁶.

"Na hiki kiduara nje ya mabano, huku juu?"

Onyesha-Njia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni kipeo sifuri."

"Kinafanya nini?"

Onyesha-Njia akaanza kuzipitia hatua zake upya. Kidomo akamsaidia. "Chochote kilichomo kwenye mabano, mradi kisiwe sifuri, kikipewa kipeo sifuri kinakuwa moja. Alitufundisha mwenyewe Jumatatu."

Mama yake alicheka, kisha akajitia kukohoa.

Onyesha-Njia akaikunjua fomu, ncha ya kalamu ikasimama juu ya mstari. "Jibu nalikubali. Lakini adabu ni adabu, binti. Niombe radhi kwa kunifanya nichekwe mbele ya darasa, nami natia sahihi."

Zilibaki dakika sita. Mama akamfinya ubavuni. "Neno tu hilo, mwanangu. Haling'oi jino."

Kidomo aliitazama kalamu.

"Mwalimu, nilikusubiri mpaka ukamaliza, na watu arobaini walikuwa wananakili kosa. Siombi radhi."