Sakafu ya Mama Kasimu

Jumamosi alasiri, Rachida alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mabati waliyopewa walipohamishwa kutoka Kambi Tano, huko nje kabisa ya mji wa Kolwezi, akichambua maharagwe na kusikiliza redio. Hewani alikuwa muzee Mathieu, mstaafu wa mgodini, jirani yake tangu enzi za Kambi Tano. Alikuwa akisimulia sinema ya kambi: viti vyake vya mbao, pazia lake jekundu, jinsi vijana walivyopiga miluzi filamu ikikatika. Halafu akaongeza roshani ya juu, ambako yeye na mchumba wake walikuwa wakikaa peke yao. Rachida akacheka. Sinema ile haikuwahi kuwa na roshani, na mchumba mwenyewe alikuwa wa mtu mwingine.

Jumapili asubuhi sinema ilikuwa imerudi, pamoja na roshani.

Ilisimama pale pale ilipokuwa zamani, ila pale pa zamani sasa ni shimo. Kampuni iliyochukua Kambi Tano ilikuwa imeikwangua ardhi yote kutafuta shaba na kobalti, ikaipakia kwenye malori, ikaenda nayo. Kwa hiyo sinema ilining'inia hewani, kwenye usawa wa udongo ambao haupo, na malori yakapita chini yake. Hakuna aliyeshangaa. Duka la mikate la yule Mgiriki lilikuwa limekwisha kurudi, na harufu yake iliwafikia madereva wakiwa kazini. Shule ya msingi nayo ilirudi, lakini haikuwa na choo, kwa sababu katika wote walioisimulia hakuna aliyeona choo ni kitu cha kutaja redioni. Watu wa usalama wa mgodi walipima nafasi iliyobaki chini ya majengo, wakaweka kibao cha kuonya magari marefu, wakaendelea na shughuli zao.

Kipindi kiliitwa Manyumba ya Zamani. Mtangazaji wake alikuwa Tharcisse, kijana mwenye sauti ya kubembeleza, na mafuta ya jenereta ya redio yalitolewa na kampuni ile ile. Kampuni ilifurahi sana. Ilipiga picha majengo yakiwa hewani, ikayatia kwenye kalenda yake, ikaandika chini kwamba inatunza kumbukumbu za wenyeji. Wenyeji nao waliruhusiwa kuja siku ya Jumapili na kutazama kutoka kwenye uzio. Walikuja wamevaa nguo za kutokea, wakaonyeshana madirisha yao kwa kidole, wakagombana kuhusu rangi ya mlango wa fulani, wengine wakalia. Kisha walirudi kwenye mabati yao kabla ya mvua.

Kilichosimuliwa kilirudi, kisichosimuliwa hakikurudi. Rachida alilifikiria jambo hilo mpaka maharagwe yakaungua. Katikati ya nyumba yake ya Kambi Tano kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo hilo alikuwamo mwanawe.

Siku zile nusu ya kambi ilikuwa ikichimba kobalti sebuleni. Watu walikunja mkeka, wakavunja sakafu, wakashuka. Kasimu alikuwa kifungua mimba wake, ndiyo maana mpaka leo mtaa mzima unamwita Mama Kasimu. Kijana alishuka kila asubuhi na tochi kichwani, na mama yake alimteremshia chai kwa kamba. Msimu wa mvua udongo ulimfunika. Wenzake walianza kumfukua, walinzi wakaja kuwafukuza, wakisema kiwanja sasa ni cha kampuni na kufukua kunataka ruhusa. Ruhusa ilikuja kweli, lakini ilikuwa ya tingatinga.

Kasimu hakuoshwa wala hakuvishwa sanda. Baba yake, Sadiki, anaendesha lori la kwenda Dilolo, mpakani, na tangu siku ile hukaa Dilolo zaidi ya mizigo inavyodai. Sanda ambayo Rachida aliinunua jioni ile ingali sandukuni. Hilo ndilo lililomla moyo kuliko yote: alimzaa, akamnyonyesha, akamshonea mpaka kanzu ya Idi, na nguo ya mwisho ikamshinda kumvika.

Alikwenda kwa imamu akamweleza kwamba ataisimulia nyumba redioni, pamoja na shimo na mtoto aliyemo. Imamu alisema mwili ukipatikana yeye yuko tayari, aliomba tu ajulishwe kabla ya adhuhuri. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mstari wa mwisho, ukingoni mwa barabara ambayo haikuchimbwa wala kuwekewa uzio, kwa hiyo ubao mrefu ungetosha kuvukia. Muzee Mathieu akaahidi kuleta ubao na mtarimbo.

Jumamosi iliyofuata Rachida aliketi studio, mkoba magotini.

"Mama Kasimu, karibu sana," Tharcisse alimwambia kabla hawajaanza. "Hapa kwetu tunasemaka bintu bya furaha. Batu banatokaka ku kazi, banachoka."

"Mi nitasema nyumba vile ilikuwaka," alijibu Rachida.

Akaisimulia. Alitaja mlango wa kijani, pazia la shanga, picha ya Makka ukutani, birika la kahawa lenye kishikio kilichofungwa waya. Alieleza jinsi alivyokuwa akiing'arisha sakafu ya saruji nyekundu kwa nta ya mishumaa, mpaka wageni wakaogopa kuikanyaga. Tharcisse alicheka pale panapochekesha.

"Kiisha, pa katikati ya salon," alisema Rachida, "kulikuwa shimo."

Tharcisse akabonyeza kitufe. Taa nyekundu iliyokuwa mezani ikazimika. Rachida hakuwahi kuingia studio maishani, akadhani taa za humo huwa zinapumzika. Akaendelea. Alieleza upana wa shimo, vishikizo vya miguu vilivyochongwa pande mbili, mahali udongo mwekundu unapogeuka mweusi, kona ya kushoto ambako Kasimu alitundika shati lake. Alifika mpaka chini. Alitaja kandambili zake, kovu la kidevuni, vidole vyake virefu ambavyo ni vya ukoo wa baba yake. Alitaja kila kitu, asije akarudi mtoto mwenye upungufu.

Tharcisse alimsikiliza mpaka mwisho, na machozi yalimtoka kwelikweli, maana hakuwa mtu mbaya. Nje, Kolwezi nzima ilikuwa ikisikiliza rumba.

"Aksanti, mama," alisema. "Umesema muzuri."

Jumapili Rachida alifika mapema, ndoo ya maji kichwani, sanda kwapani. Nyumba ilikuwa pale, mlango wa kijani ukimtazama. Majirani walishika ubao pande zote, naye akavuka bila kutazama chini. Alipita kwenye pazia la shanga. Birika lilikuwa la moto bado. Sakafu ilikuwa nyekundu, nzima, inang'aa toka ukuta huu mpaka ule, kiasi kwamba aliuona uso wake ndani yake.

Alipiga magoti, akaipapasa yote kwa mikono.

"Mama Kasimu," muzee Mathieu aliita kutoka mlangoni, "kuko shimo?"

"Hakuna."

Mzee alijisugua shingo. "Mu redio," alisema hatimaye, "ulisema sakafu, kiisha balitia muziki. Siye tulizania umemaliza."

Rachida aliomba mtarimbo. Sauti ya kuvunja sakafu ile aliijua, aliisikia siku Kasimu alipoanza, naye akapiga mahali pale pale. Saruji ilikuwa nyembamba. Ilipotoboka, chini yake hapakuwa na udongo wala vishikizo vya miguu. Palikuwa na hewa, na mbali kabisa chini malori yakipanda na mzigo, moja nyuma ya jingine.

Alilia hapo, kwa sauti, bila kumwonea mtu haya. Kisha aliikunjua sanda, akaipitisha kwenye tundu, akaiachia. Mahali fulani mle chini, alijiambia, itafunika hata kipande kimoja cha mwanawe. Sanda ilitanuka, ikashuka taratibu, upepo ukaisukuma upande wa uzio.

Kabla ya adhuhuri mlinzi mmoja alivuka ubao akiwa ameishika, ameikunja vizuri.

"Mama, shuka yako ilianguka."

"Uiache kule chini, baba. Ni ya mutoto yangu."

"Mutoto iko wapi?"

"Mu shimo."

Mlinzi alitazama tundu, akatazama malori. Alikuwa na adabu. "Bintu byote bya mu shimo ni bya société ya mugodi, mama," alisema. "Lakini hii shuka niliuliza, balisema hapana, si yabo." Akamwekea mikononi.

Imamu aliarifiwa kwamba asisumbuke.

Jumatatu kampuni ilituma mfuko wa saruji na ujumbe wa heshima: wageni watakuja kuona majengo, mtu anaweza kutumbukia, mwenye nyumba tafadhali azibe. Rachida alivuka tena. Alichanganya saruji na mchanga, akaimwaga juu ya kipande cha bati, akaisawazisha kwa kiganja taratibu, huku na huku, mpaka ikalingana na nyingine. Ilipokauka aliipaka nta. Katika kazi zote za maziko ya mwanawe, ni hiyo tu aliyopewa kuifanya.

Jumamosi Tharcisse aliendelea na zahanati ya kambi, na Jumapili ikawa hewani, safi, haina mgonjwa hata mmoja.

Kalenda ya mwaka uliofuata ilimwonyesha Rachida amesimama kwenye mlango wa kijani, na chini imeandikwa: Mama Kasimu, mkazi wa zamani. Walimletea nakala moja bure. Ameitundika juu ya sanduku lenye sanda, kwa sababu kwenye ukuta wa mabati hakuna msumari mwingine.