Harufu Isiyokuwapo

Tangu mafua makali yalipomlaza kitandani, mwalimu wa sayansi alikuwa hasikii harufu yoyote. Siri hiyo aliijua mumewe tu. Nyumbani aliwahi kuunguza sufuria mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Shuleni alijikaza kisabuni.

Siku ya somo la harufu alichukua chupa ya siki kabatini, akailowanisha pamba, akaiweka mezani. Akawaeleza watoto kwamba kila kinachonuka hurusha chembe ndogo mno, molekuli, ambazo huelea hewani mpaka zikatuingia puani. Wafumbe macho, akasema. Atakayeisikia siki anyooshe mkono.

Polepole ukanyooka mkono mmoja, wa pili, mara darasa zima likawa msitu wa mikono. Alibaki Kijino, binti aliyeitwa hivyo kwa jino lake moja la mbele, kakunja mikono kifuani.

"Mimi sisikii kitu, mwalimu."

Mwalimu akamwita mbele, akamsogezea pamba puani. Mtoto akanusa, akatikisa kichwa, wenzake wakacheka. Badala ya kumhurumia, mwalimu aliingiwa na woga kwamba siri yake ingefichuka, na woga ukageuka ukali. Akamkemea kwa ubishi, akamwambia atasimama pale pale mpaka pua izibuke. Kijino akanusa tena na tena, machozi yakimlengalenga. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Naisikia. Inachoma." Akaruhusiwa kukaa.

Wakati wa mapumziko mwalimu mwenzake aliiomba ile siki asugulie birika la chai. Akafungua chupa, akanusa, akaonja tone.

"Dada, mbona haya ni maji?"

Mwalimu akakumbuka. Kabatini mlikuwa na chupa mbili za kufanana, na ya pili aliijaza maji kwa mkono wake mwenyewe, kwa somo la kuyeyusha chumvi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuyamwaga akanyamaza, na nani angejua? Kengele ilipolia akarudi darasani, akawaambia watoto yote, ya maji na ya pua yake. Waliokuwa wamenyoosha mikono wakainamia madawati. Mmoja akanong'ona kwamba yeye alimfuata jirani yake tu.

Mwalimu akachuchumaa karibu na Kijino, akamwomba radhi.

"Lakini mwishoni niliisikia kweli," mtoto akasema.

"Hukuisikia, mwanangu. Haikuwapo."

"Wewe ulisema ipo."

Mwalimu akaenda kuleta chupa ya siki yenyewe, akaifungua mbele yake, akamwomba aseme ni nini. Kijino alinusa, akarudisha kichwa nyuma kwa ghafla, akapiga chafya. Ila kabla ya kujibu alimtazama mwalimu usoni, akisubiri kuambiwa jibu.

Mwalimu akainamisha macho, asijue aanzie wapi kumrudishia mtoto pua yake.